Muuzaji Aliyekataa Kamisheni

Treni ya chini ya ardhi ilikuwa imeshapita Balham, nami bado nahesabu vituo kwa vidole, nimepakata chupa pana ya achari ya maembe iliyofungwa kwa gazeti la Kikonkani. Mwezi mmoja kabla, sokoni Margao, huko Goa, mjane mmoja aliposikia natoka Afrika Mashariki alinishika mkono, akanisemesha Kiswahili cha Dar es Salaam kisicho na doa, kisha akanituma. Kaka yake anakaa London, alisema, mtaa wa Tooting, juu ya duka la pombe. "Mpe hii. Mwambie ale na wali, asile na mkate." Nimebeba mizigo ya watu katika bandari nyingi, lakini mzigo unaovuja mafuta humfanya mtu ayaonee haya magoti ya jirani yake. Hivyo ndivyo nilivyoingia upande wa London nisioujua, mwezi Machi wa mwaka 1972, nikinuka haradali.

Huko juu kulikuwa na manyunyu. Nilipita duka la sari, la samaki, la vinyozi wawili waliokuwa wakinyoana wenyewe kwa kukosa wateja, mpaka nikaufikia mlango wenye kengele. Nikaingia. Mbele ya kaunta alisimama Mwafrika wa makamo aliyevaa sare ya kondakta wa basi, na nyuma yake Mgoa mwembamba aliyevaa tai na koti la stoo la kijivu. Walikuwa wakibishana kwa Kiswahili.

"Leo huna chako tena hapa, Philemon. Mbili zako ulichukua saa sita."

"Zile zilikuwa za jana, Mzee Teles."

"Za jana ulichukua jana. Jana ulinipa salamu za mkeo Valeria, leo hukunipa. Nakumbuka vizuri."

"Una roho ya chuma, mzee."

"Nina kichwa tu. Habari za roho muulize padri."

"Hapo ng'ambo ya barabara watanipa, tena kwa tabasamu."

"Nenda. Mlango haukufungwa. Lakini Jumapili usije ukaniambia nilikulegezea."

Philemon aliitazama rafu ya wiski kama mtu anayetazama basi lililomwacha. Kisha akanigeukia mimi, mgeni mwenye chupa ya mafuta. "Umeona, ndugu yangu? Nimesafiri maili elfu kadhaa kuja kwa Malkia, nimefika nimetawaliwa na Mgoa." Akanunua karanga, akatoka. Niliona kupitia kioo kwamba hakuvuka barabara. Alisimama kituoni akila karanga moja moja.

Mgoa alinitazama. "Na wewe?"

"Sinunui. Nimeleta achari kutoka kwa dada yako."

Hapo uso wake ulikunjuka, na nikaona kwamba ukali wote ule ulikuwa wa koti.

Telesphor Rebelo alikuwa na miaka hamsini na minane. Mkewe alifariki Dar es Salaam, binti yake aliolewa Toronto, naye alikuwa amepanga vyumba viwili juu ya duka alimofanyia kazi. Kimoja alinipa mimi kwa wiki hiyo, kisha kwa wiki iliyofuata, na mwisho hatukuzungumzia tena siku za kuondoka. Kila jioni alipanda ngazi, akavua koti, akalitundika, akapika wali. Tulikula na achari ya dada yake, na yeye alizungumza. Mimi hupenda watu wanaopenda kazi yao, hata kama kazi yenyewe inanishangaza, na sijapata kumwona mtu aliyependa kuuza pombe kwa namna yake.

Miaka ishirini na sita alikuwa karani wa kilabu cha pombe cha manispaa. Vijana wa leo hawakumbuki vilabu vile. Mtaa mzima ulikuwa na kilabu kimoja, mali ya manispaa, na hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuuza. Pombe ilipimwa kwa kopo la bati lenye mhuri. Kengele ilipogonga, makopo yaliwekwa chini. Faida ilikwenda kujenga zahanati, kuvuta bomba, kuweka taa.

"Lakini nikueleze jambo kubwa," aliniambia usiku wa kwanza, akinyoosha kijiko. "Mshahara wangu ulikuwa uleule. Wakinywa pipa moja, uleule. Wakinywa mapipa kumi, uleule. Kwa hiyo mtu akija amelewa nikimwambia nenda nyumbani, sikupoteza kitu. Unaelewa? Nilikuwa huru kumtakia mema."

Nilimwambia kwamba huo ni ukarani wa ajabu, mtu kulipwa asiuze.

"Si kulipwa nisiuze. Kulipwa nisitamani kuuza. Hayo ni mambo mawili."

Sitaki msomaji afikiri aliukumbuka utamu tu. Kasoro alizijua, na alizitaja bila kuulizwa. Manispaa nayo ilikuja kuwa na kiu: ilipotaka taa za mtaa mwingine, mkubwa mmoja alipendekeza kengele igonge saa moja baadaye. "Tukawa tunawalewesha watu ili tuwamulikie njia ya kurudi nyumbani," alisema. Na jambo la pili lilimuuma zaidi. Kwa miaka mingi sheria ilimkataza Mwafrika kununua wiski bila kibali. Wakubwa walisema ni kwa ajili ya afya. "Afya gani? Mzungu ini lake lilikuwa la chuma? Ilikuwa ngozi. Na mimi ndiye niliyesimama nikasema hapana, kwa sababu niliambiwa niseme."

Baada ya uhuru nafasi za makarani wa Kigoa walipewa wananchi, jambo ambalo hakulilalamikia. Alimfundisha kazi kijana aliyempokea, akamkabidhi kengele. Alikuwa na pasipoti ya Kiingereza. Mwaka 1968 akaja, katika wimbi lile la Wahindi na Wagoa waliokuwa wakihama Nairobi, Mombasa na Dar kabla Uingereza haijawafungia mlango. Mwaka huohuo alikuja Lalji Raichura kutoka Nairobi, ambaye kule aliuza vitambaa, na hapa akanunua duka la pombe kwa sababu ndilo lililokuwa likiuzwa. Lalji hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Hakuweza kutofautisha mvinyo wa sheri na siki. Alimhitaji Telesphor kama kipofu anavyohitaji fimbo, na kwa miaka mitatu walielewana vizuri.

Kisha kikaja kisa cha Philemon.

Philemon alikuwa mtu wa Morogoro, aliyekuja kusomea mambo ya reli, akayaacha, akaingia kwenye mabasi. Yeye na Telesphor walisali kanisa moja. Mwaka uliopita alianguka ngazini mwa basi lake, na daktari hospitalini akamwambia kwamba ini lake limeanza kuharibika: wiski aisahau kabisa, na kama hawezi kuacha kila kitu kwa mara moja, basi apunguze kwa kipimo, chini ya uangalizi. Uangalizi wa nani? Mkewe Valeria alikuwa muuguzi wa zamu. Mara nyingi hakuwepo nyumbani. Jumapili moja baada ya misa Philemon alimvuta Telesphor kando ya ukuta wa kanisa. "Mzee, wewe ulikuwa unawapimia watu. Nipimie na mimi." Wakakubaliana: chupa mbili ndogo za bia nyeusi kwa siku, hakuna wiski, na hata akipiga magoti asipewe zaidi.

Hayo yote yangebaki siri ya kanisani, lau kama Telesphor angeweza kujizuia. Hakuweza. Akaanza kumpimia mama mmoja mjane wa Kiingereza aliyenunua chupa ya jini kila asubuhi. Akaanza kumwambia fundi mmoja wa rangi, "Subiri mpaka umalize ngazi zako." Taratibu akaanzisha manispaa yake mwenyewe nyuma ya kaunta ya Lalji.

Lalji aligundua. Si mtu mbaya, Lalji. Nilimpenda. Alikuwa na watoto watano na mkopo wa benki uliomnyima usingizi, na alikuja dukani Jumatatu moja, mimi nikiwa nimekaa juu ya kreti, akasema kwa Kiswahili chake cha Nairobi, akimwita bhai, yaani ndugu:

"Telesphor bhai, mimi nanunua, mimi naweka kwa rafu, wewe nafukuza watu. Hii duka ama hospitali?"

"Laljibhai, simfukuzi mtu mzima mwenye afya yake."

"Wewe daktari? Nairobi mimi nauza sabuni pia. Mimi hapana uliza mtu naoga mara ngapi."

"Sabuni haiui."

"Kula yote, tazama kama haiui!" Alicheka mwenyewe, kisha akasitisha kicheko. "Sikiza. Mimi nafikiri kwa nini wewe nafanya hivi. Sababu mshahara yako iko moja tu. Makosa yangu hiyo. Kutoka Jumamosi, kila chupa, wewe napata kidogo. Kamisheni. Halafu utaona vile roho yako nabadilika."

"Ndiyo ninachokiogopa," alisema Telesphor.

"Basi chagua. Jumamosi wewe nachukua kamisheni, nauza kwa kila mtu. Ama wewe nachukua koti yako, naenda. Mimi hapana kasirika. Lakini mimi nalipa benki, si wewe."

Hivyo ndivyo jambo lilivyowekwa mezani, na siku tano zilizofuata hatukuzungumza lingine. Kwa mtu wa miaka hamsini na minane, Mgoa, katika London ile ambapo matangazo ya vyumba bado yalikuwa na namna ya kumwambia asiye Mzungu asibishe hodi, kuacha kazi hakukuwa mchezo. Nilimshauri achukue kamisheni, aitie sanduku la maskini kanisani. Alinitazama kama niliyemshauri aoe mke wa pili.

"Nikishaipata, nitajua chupa ya Philemon ina nini ndani yake kwa ajili yangu. Hata nikiitoa sadaka, nitajua."

Ndipo aliponionyesha barua yake. Mwaka uliotangulia alisoma gazetini habari ya Carlisle, mji ulio mwisho kabisa wa Uingereza kabla ya kuingia Uskoti. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia serikali ilizichukua baa zote za huko, kwa sababu wafanyakazi wa viwanda vya baruti walikuwa wakilewa kupita kiasi; na tangu hapo, kwa zaidi ya miaka hamsini, serikali ndiyo iliyopika bia na kuiuza. Mameneja walilipwa mshahara. Hawakupata senti moja zaidi kwa kuuza bia zaidi, ila walisifiwa kwa kuuza chakula. "Kilabu cha manispaa!" alisema Telesphor, akipiga meza. "Hapa hapa Uingereza! Na mimi nimekaa miaka mitatu kwa Lalji!" Gazeti lilikuwa limeandika kuhusu Carlisle kwa sababu moja tu: Bunge lilikuwa limepitisha sheria kwamba yote yauzwe kwa watu binafsi.

Yeye hata hivyo aliandika. Na aliandika kwa namna ambayo ni Mgoa wa serikali ya zamani tu angeweza kuandika: hakuomba kazi, aliomba uhamisho. Kichwani mwake utumishi ulikuwa mmoja, kutoka Dar es Salaam mpaka Carlisle, na karani alihamishwa kama faili. Aliambatisha vyeti vyake vyote, na akauliza kwa heshima kama siku kumi na tisa za likizo alizokuwa akidai tangu 1961 zingetambuliwa na kituo kipya.

Jibu lilichukua miezi minne. Aliyeliandika alikuwa mtu mwenye subira au mwenye ucheshi. Ofisi yao, aliandika, haina kumbukumbu zozote za manispaa ya Dar es Salaam, na kuhusu likizo anasikitika. Lakini kama Bwana Rebelo yuko tayari, wanahitaji karani wa muda wa stoo, mpaka baa ya mwisho itakapouzwa. Huenda ikawa mwaka mmoja, huenda pungufu. Ajibu kabla ya mwisho wa mwezi.

"Unataka kwenda kuhesabu viti vya nyumba inayobomolewa," nilimwambia.

"Kuna mtu lazima avihesabu."

"Na Philemon?"

Akainuka, akaosha sahani.

Alhamisi Philemon alikuja akiwa ameshakunywa kwingine. Hilo lilikuwa limeanza kuwa kawaida. Ng'ambo ya barabara, hatua arobaini tu, kulikuwa na duka ambalo halikuwahi kumkatalia mtu. Alitaka nusu chupa ya wiski. Telesphor alisema hapana. Philemon akaegemea kaunta kwa mikono miwili.

"Baba yangu alifanya kazi ya reli Dar miaka thelathini. Mlimnyima wiski kwa sababu alikuwa mweusi. Ulikuwepo wewe, nyuma ya meza kama hii. Sasa unaninyima na mimi?"

Yule mjane wa Kiingereza alikuwa nyuma yake, hakuelewa neno, lakini alishusha macho.

"Nilikuwepo," alisema Telesphor. "Baba yako nilimkatalia kwa amri ya wakubwa, na ilikuwa dhambi. Wewe nakukatalia kwa amri yako mwenyewe. Ukiifuta, ifute ukiwa mkavu, hujaonja kitu. Njoo Jumapili ukutani, uniambie, 'Mzee, basi.' Nitakuuzia siku ileile."

"Jumapili siji."

"Basi amri inaendelea."

Philemon alitoka akiupigiza mlango, na safari hii alivuka barabara. Telesphor alimtazama mpaka alipoingia. "Hatua arobaini," alisema. "Unaona? Mtu mmoja hawezi kuwa serikali. Mimi nikisema hapana, nimempeleka tu hatua arobaini."

Jumamosi Lalji alikuja saa nane mchana, amevaa suti, kana kwamba anahudhuria posa. Aliweka bahasha kaunta. Ilikuwa kamisheni ya wiki hiyo, aliyoitoa kabla ya siku yake ili kuonyesha nia njema. Telesphor aliitazama tu. Nadhani wangeweza kukaa hivyo mpaka jioni, na nadhani Lalji, kama angeachwa peke yake, angelegea, kwa sababu alikuwa akiifuta miwani yake mara kwa mara bila sababu. Lakini mlango ulilia, Philemon akaingia. Alikuwa na sare, ndevu hakunyoa.

"Wiski. Nusu chupa," alisema, bila kumtazama yeyote. "Kule wamefunga, wana msiba."

Lalji alimgeukia Telesphor. "Haya, bhai."

Telesphor alifungua vifungo vya koti lake la kijivu, kimoja kimoja, akalivua, akalikunja mara nne, akaliweka juu ya bahasha. "Iko rafu ya pili, Laljibhai. Ile yenye karatasi nyeusi. Muuzie kwa mkono wako."

Lalji hakuwa amewahi kumwuzia mtu pombe kwa mkono wake. Alikuwa akikaa nyuma na vitabu. Alikwenda rafuni, akachukua chupa isiyo yenyewe, akairudisha, akachukua nyingine. Alipomkabidhi Philemon mikono yote miwili ilikuwa ikitetemeka, wa mnunuzi na wa muuzaji, na nilidhani mmoja wao angeiachia. Hakuna aliyeiachia. Philemon alilipa, akaisukuma chupa ndani ya sare, akatoka.

Lalji alivua miwani. "Ini yake mbaya kweli?"

"Daktari alisema hivyo."

"Wewe hapana niambia."

"Ilikuwa siri yake; akuambie yeye, si mimi."

Lalji akakaa juu ya kreti langu. "Mimi nafikiri wewe nacheza serikali tu," alisema. Kisha akaivaa tena miwani: "Benki hapana uliza ini, Telesphor bhai." Hakumwomba abaki, na Telesphor hakuomba kubaki. Jioni ile alijibu barua ya Carlisle kwa mwandiko wake wa karani, akapiga mstari chini ya tarehe kwa rula.

Jumatano iliyofuata nilimchukulia sanduku mpaka kituo cha Tooting Broadway. Lalji alikuwa amempa mfuko wa chapati ambazo mkewe alikaanga, na bahasha ya mshahara wake wa kawaida, bila nyongeza, ambayo kwa Telesphor ilikuwa heshima kubwa. Philemon alikuwa amesimama mlangoni mwa kituo, amenyoa, koti la sare amelikunja mkononi. Alikuwa mkavu. Sijui kwa muda gani.

"Nimeambiwa unakwenda," alisema.

"Nakwenda."

"Ile chupa iko kabatini, nusu. Nusu nyingine usiniulize."

"Sijakuuliza."

"Na sasa nani atanikatalia, Mzee Teles? Lalji? Lalji ananiogopa kuliko mimi ninavyoiogopa wiski."

Telesphor alicheka, kisha hakucheka. Alitoa kalamu, akamwandikia anwani ya stoo ya Carlisle nyuma ya tiketi ya basi. "Kila Jumapili, baada ya misa, niandikie umekunywa ngapi. Namba tu. Ukiandika sifuri sitakusifu, ukiandika kumi sitakutukana. Lakini usiandike uongo, kwa sababu mimi sipati kitu kwa jibu lolote."

"Na ukirudi? Huko si wanauza kila kitu?"

"Wanauza. Pengine ifikapo Krismasi."

"Halafu?"

"Halafu sijui, Philemon. Andika mpaka Krismasi kwanza."

Alilichukua sanduku mkononi mwangu. Alikataa nishuke naye. Mlinzi wa tiketi alimwambia sanduku ni kubwa mno kwa saa zile, naye akasimama akimweleza kwa Kiingereza kirefu kwamba yuko safarini kikazi, kwenda kituo kipya. Mlinzi akachoka, akampisha. Tulimtazama akishuka kwenye ngazi za umeme, wima, mkono mmoja kwenye reli, mpaka kofia yake ilipozama.

Philemon aliitia ile tiketi ya basi mfuko wa shati, akaufunga kifungo, akaniuliza kama najua misa ya jioni ya Jumapili huanza saa ngapi. Sikujua. Nilikuwa nimebaki Tooting na chumba kilicholipiwa mpaka mwisho wa mwezi. Tukaondoka pamoja kwenda kusoma ubao wa kanisa.